Mti wa Kahawa wa Mzee Wenseslaus

Kazi ya Pamela ilikuwa kuisahihisha kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa mbali, sijui nchi gani, ikisoma kurasa za mtandaoni usiku na mchana na kuokota humo kila ilichodhani ni ukweli. Yeye, mezani kwao Kilema, aliletewa sentensi mojamoja abonyeze Kweli au Si kweli.

Asubuhi moja ikaja hii: "Mti wa kahawa wa kwanza Kilema uko nyuma ya nyumba ya Mzee Wenseslaus. Kurasa zinazosema hivyo: kumi na saba."

Pamela hakubonyeza kitu. Mzee Wenseslaus ni baba yake, na uongo ule aliutunga mwenyewe, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mkewe, ili kumfurahisha mtalii. Mtalii akauandika, wenzake wakanakili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwa na intaneti. Tangu hapo Fredy, mwongoza watalii, alileta wageni kila wiki, na mzee aliyekuwa hali wala haongei akaanza tena kunyoa ndevu na kucheka. Binti gani angemnyang'anya baba yake hayo kwa kubonyeza kitufe?

Akamwonyesha. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole.

"Hiyo mashine itafundisha watu wangapi?"

"Wengi, baba."

Akavua miwani. "Bonyeza Si kweli, mwanangu. Mti ule aliupanda mama yako mwaka tuliooana. Nimempokonya nikawapa watu wa kale nisiowajua hata majina."

Pamela akabonyeza, roho ikimuuma.

Ijumaa Fredy akaja na wageni. Mzee akawaeleza ukweli wote: jinsi marehemu mkewe, Mektrida, alivyoumwagilia mti ule maji ya kuoshea vyombo, na alivyogombana na mbuzi wa jirani wasiutafune. Pamela alingoja wageni wakunje nyuso waondoke. Mama mmoja akaomba aelezwe tena, taratibu, apate kuandika.

Mwezi haukuisha, sentensi ikaja: "Mektrida wa Kilema alipanda mti wa kahawa nyuma ya nyumba yake. Kurasa zinazosema hivyo: moja."

Kanuni za kazi zilikataza mtu mwingine kugusa vitufe. Pamela akamwita baba yake, akamsogezea kiti. Mzee akalisoma lile jina mara mbili, kisha kidole chake kikatua kwenye Kweli.