Chuma cha Kuapia cha Oke-Iroko

Kwa miaka tisa Ajadi, karani wa mahakama ya mila ya mji wa Oke-Iroko, hakugusa wembe wala kisu, wala hakupanda chombo chenye injini. Ndevu zilimshuka hadi kifuani. Nyama aliirarua kwa meno. Kazini alikwenda kwa miguu, liwake jua inyeshe mvua, na wenye pikipiki za abiria wakimwona hata honi hawapigi tena. Watu wa msikitini walidhani amekuwa mcha Mungu wa kwao. Wa kanisani walidhani ameweka nadhiri. Yeye hakuwakanusha hawa wala wale.

Ukweli aliujua yeye na Ogun, mungu mwenye chuma na kila kitokanacho na chuma. Miaka hiyo tisa nyuma, Ajadi alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki, tumboni ana vibuyu viwili vya tembo la mchikichi, akamgonga kondoo dume wa mama mkwe wake. Kondoo akafa palepale. Ajadi akashika njia kama hakuona kitu.

Jioni ile mkewe, Asabi, alimkaba shati. "Baba Ronke, ni wewe umemuua kondoo wa mama?"

"Mimi? Kondoo gani?"

"Basi apa."

Chuma cha kuapia cha mahakama kilikuwa mkononi mwake, kwa kuwa yeye ndiye mtunzaji: kipande kirefu kama kiganja, kimefungwa kitambaa chekundu, alichorithi kwa karani aliyemtangulia. Akakigusisha ulimi, akaapa kwa Ogun kwamba kondoo hamjui. Asabi akaridhika. Ajadi akaanza kungoja. Ogun hasahau. Atakuja kwa wembe, au kwa kisu cha jikoni, au kwa lori la mbao.

Ikafika Jumanne ya kesi ya kinu. Wake wenza wawili walikuwa wakigombea kinu cha marehemu mume wao, na shahidi alikuwa Ogundiran, mhunzi, aliyekifunga kinu hicho pete ya chuma kilipopasuka.

"Biblia, Msahafu au chuma?" Ajadi aliuliza kama kawaida.

"Mhunzi unamuuliza swali hilo?" Ogundiran akacheka, akanyoosha mkono.

Ajadi alimkabidhi kwa ncha za vidole. Mzee akakifungua kitambaa, akakipima kile kipande mkononi, akakinusa, akakigonga kwenye ukingo wa kizimba. Kililia kama kijiko cha chai.

"Karani, hiki ni nini?"

"Chuma, Baba."

"Mwanangu, nimefua chuma miaka arobaini. Hiki ni alumini. Hiki ni kipande cha fremu ya dirisha."

Hakimu Adegbite akavua miwani. "Unataka kuniambia watu wote walioapa kwa kitu hicho wameapa kwa nani?"

"Labda kwa fundi wa madirisha, Mheshimiwa."

Sumaku ikaletwa kutoka kwa fundi redio wa jirani. Ikasogezwa mara tatu, na mara tatu ikakikataa kile kipande mbele ya umma. Ukumbi ukachemka. Mwanamke mmoja muuza viazi vikuu, Fehintola, akasimama juu ya benchi akipiga makofi kwa uchungu. "Jamani! Nilisema kweli hapa, nikapoteza shamba! Kumbe nilisema kweli bure? Laiti ningejua ningedanganya kama wenzangu!"

Kesi ikaahirishwa. Hakimu akamwamuru Ogundiran afue chuma cha kweli kabla ya Ijumaa.

Ajadi alitoka nje. Fremu ya dirisha! Miaka tisa anakula nyama kama fisi kwa sababu ya fremu ya dirisha! Akaingia kwa kinyozi, akakaa, akasema, "Zote." Kisha akasimamisha pikipiki ya abiria, akapanda, akamwambia dereva aongeze mwendo.

Asabi alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Habari za mahakamani zilikwisha kumfikia sokoni. Aliinua macho, akakitazama kidevu cha mumewe, kidogo na cheupe kama yai.

"Nani kakunyoa?"

"Salawu."

"Kwa wembe?"

"Kwa wembe."

"Na umekuja na pikipiki."

"Miguu ilikuwa inauma kidogo, Mama Ronke."

Asabi akaisukuma sinia pembeni. "Ilianza kuuma leo? Miaka tisa haikuuma, ikangoja chuma kionekane si chuma? Ulimuua kondoo wa mama."

"Pikipiki ndiyo iliyomuua."

"Ikijiendesha?"

Ajadi akainama, akaanza kuchambua mboga.

Asubuhi yake Asabi alimpeleka kwa mama yake kama mzigo. Mama Abeke alikuwa na miaka themanini na sauti ya kengele. Kwa miaka tisa hakuwa amemsalimu jirani yake, Mama Sikira, kwa kuamini ndiye aliyemlisha kondoo wake sumu. Kila alfajiri alitoka kibarazani, akamtukana kwa mafumbo, kisha ndipo akanywa uji.

Ajadi akajilaza kifudifudi mbele yake, kidevu chake kipya mavumbini, kama mkwe apasavyo. "Mama, nimekosa. Kondoo nilimgonga mimi."

"Mwongo!" Mama Abeke akasema.

"Ni kweli, Mama."

"Uliapa kwa Ogun hukumuua. Nani atakuamini leo?"

"Ile ilikuwa fremu ya dirisha."

"Sasa ulidanganya siku ile au unadanganya leo? Mama Sikira kakupa nini useme hivi? Eti nimwache! Nimwache, halafu asubuhi nifanye nini?" Akamgeukia bintiye. "Mume wako akaape. Kwa chuma chenyewe. Nikiona ameapa, nitaamini."

Ijumaa chuma kipya kilikuwa mezani, kizito kama paja la mbuzi, kimenyunyiziwa mawese na damu ya mbwa aliyechinjwa kama Ogun atakavyo. Wote walioapia dirisha walikuwa wameitwa waape upya, na foleni ilikuwa ndefu hadi barabarani. Wa kwanza alikitazama chuma, akakumbuka ameacha chungu motoni. Wa pili alisema shamba lile, akilifikiria vizuri, ni la nduguye. Wake wenza wa kinu walishikana mikono, wakatoka wakishauriana namna ya kukitumia kwa zamu. Fehintola alirudishiwa shamba lake nje ya mlango na yule yule aliyelichukua kwa kiapo cha dirisha. Foleni iliyeyuka kabla ya adhuhuri, na Hakimu Adegbite akabaki na majalada yaliyojifunga yenyewe.

Akabaki Ajadi. Alikishika chuma kwa mikono miwili, akakigusisha ulimi kikamuwasha kwa kutu na mawese, akapaza sauti: "Naapa kwa Ogun, kondoo wa Mama Abeke nilimuua mimi!"

Hakimu akaandika, kisha akauliza, "Anayekushtaki ni nani?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Wakikataa kunishtaki, najishtaki mwenyewe."

Ogundiran alicheka hadi akashika ukuta. Ajadi naye alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Mama Abeke aliyaona yote kwa macho yake, hakuwa na pa kukimbilia. Jumamosi alivuka ua akiwa na bakuli la kokwa za kola za kuombea radhi na kondoo mchanga aliyenunuliwa na mkwewe, akapiga hodi kwa Mama Sikira. Wazee wale wawili walilia, wakatukanana kidogo, wakalia tena.

Siku hizi huketi pamoja kibarazani kila alfajiri. Ajadi akipita na pikipiki, huwaamkia kwa adabu zote, na wao huugeukia ukuta, wote wawili kwa mpigo mmoja, hadi apite.