Magauni Yasiyo na Mgongo

Jina la Bi Pindo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, enzi za duka lake la ushonaji, kwa sababu ya tabia yake ya kumzuia mtu mlangoni, nguo imeshalipiwa na imeshavaliwa, akainama kuukagua upindo upya. Akiuona umeenda upande hata kwa upana wa ukucha, mteja alivuliwa. Awe bibi harusi, awe hakimu, alivuliwa. "Ukitoka hapa," alikuwa akisema, "hutembei wewe. Natembea mimi."

Alikuwa pia na neno lake moja lililojulikana mtaa mzima: geuka. Mbele ya nguo, alidai, hata mlevi anaweza kuishona. Ufundi uko mgongoni na ndani, mahali ambapo mvaaji hajioni. Binti yake wa pekee alikua juu ya kigoda cha duka hilo, amevishwa magauni ya watu yaliyomzidi kimo, akiambiwa geuka, geuka tena, mpaka ukuta nao ukawa unageuka. Binti huyo ndiye sasa aliyeshika mkasi na funguo za duka.

Bi Pindo alipoteleza kwenye ngazi na kuvunjika nyonga, ni yeye mwenyewe aliyeamua kwenda katika nyumba ya kutunzia wazee mpaka mguu umkubali. Chumba cha binti kilikuwa juu ya duka, na ngazi za kufika huko ndizo zile zile zilizomwangusha. Binti akalia. Mama akamwambia asidondoshe machozi kwenye kitambaa cha watu.

Nyumba ilikuwa nzuri, ukiitazama kutoka sebuleni. Kulikuwa na mapazia mazito, viti vyenye foronya safi, maua mezani na harufu ya sabuni ya ndimu. Wageni waliishia hapo. Nyuma ya mlango wa sebule kulianza nyumba nyingine kabisa. Huko mashuka yalingojewa mpaka yaanze kuitikia salamu ndipo yabadilishwe. Kengele za vitandani zilikuwa zimekatwa nyaya, eti zinasumbua. Sahani zilifika zimepoa na kuondolewa kabla wenye mikono mizito hawajafikisha kijiko mdomoni. Wahudumu walikuwa wachache; wenye moyo walikimbia huku na huku mpaka wakaacha kazi, na waliobaki walikuwa wale wenye sauti.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mkunga. Huyu aliwahi kupokea watoto wengi kiasi kwamba, kwa maneno yake, hakuna mtu mwenye cheo mjini ambaye yeye hakumwona uchi. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili ila ulimi kikauogopa. Tatizo lake lilikuwa moja: hakuna aliyemgeuza. Alilazwa chali asubuhi, na chali ndivyo jioni ilivyomkuta. Chini ya kiuno, kwa nyuma, lilitokea doa jekundu. Doa likawa lengelenge, lengelenge likawa kidonda, na kidonda sasa kilikuwa shimo. Kikafungwa kitambaa, kitambaa kikasahauliwa. Bi Pindo alikiona kila shuka ilipofunuliwa, na kukinusa hata ilipofunikwa.

"Mtoto akikaa vibaya tumboni, unamgeuza," Mkunga alimwambia, bila kujionea huruma. "Usipomgeuza, unampoteza. Na mimi ndivyo nilivyo sasa, shoga yangu. Asiponiona daktari, nitatoka hapa miguu mbele."

Bi Pindo hakunyamaza. Binti yake alipokuja kumtazama, alimweleza yote, mbele ya Matroni, mkuu wa wahudumu, kwa kuwa Matroni hakukosa kuketi katika mazungumzo ya wageni, mikono imekunjwa mapajani kama shangazi wa mchumba. Matroni hakubisha. Alitabasamu kwa masikitiko, akamtoa binti kando, akamnong'oneza kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa, kwamba umri huja na hayo, na kwamba kumbishia mzee ni kumwumiza. Alipoomba kumwona huyo Mkunga, binti aliambiwa kwamba ndiyo kwanza amepata usingizi. Akaondoka na mashaka pande zote mbili.

Tangu siku hiyo chupa ya maji ya Mkunga ikahamia dirishani, mahali anapoiona na hawezi kuifikia. Bi Pindo, na nyonga yake, alijikokota kumletea. Ikarudishwa dirishani, na gongo lake la kutembelea likafungiwa stoo. Matroni hakuwa mjinga. Alishamjua Bi Pindo kuwa ni mtu wa kustahimili kiu yake mwenyewe, lakini si ya mwenzake. Mkunga akamwapisha mwenzake asiseme tena neno kwa mgeni. Na Bi Pindo, katika kukaa kwake kitandani akiutazama ukuta, akaielewa sheria ya nyumba ile: mzee akisema, amechanganyikiwa; mgeni akiuliza, lazima ajibiwe. Ilibaki kumfanya mgeni aulize.

Nafasi ililetwa na Matroni mwenyewe. Siku ya familia ilikuwa inakaribia, na mwenye nyumba alitaka wazee wapendeze kwa picha. Matroni akaja na jora la kitambaa cha maua, cherehani, na ombi lililokuwa amri: ashone magauni kwa kinamama na mashati kwa wazee wa kiume, yote sare. Isipokuwa, alisema, asihangaike na vipande vya mgongo. Mbele, mikono, na kamba za kufungia shingoni na kiunoni. Hivyo wahudumu wataweza kuwavisha bila kuwanyanyua.

"Si watakuwa wamekaa tu," Matroni alisema. "Nani ataona mgongo?"

Bi Pindo alikuwa ameshashona nguo za namna hiyo maishani mwake, mara chache, na kila mara kwa maiti. Akauchukua mkasi kutoka mkononi mwa Matroni na kusema kazi itakuwa tayari.

Mkunga alingoja Matroni atoke. "Fundi mzima," akasema. "Leo hii unashona mbele tu, kama mlevi?"

"Nashona," alijibu Bi Pindo. "Wewe tunza pumzi."

Akashona. Wenzake wakasikia cherehani ikiunguruma koridoni, na wengine wakasema nyumba imepata moyo. Mbele ya magauni yale ilinyooka kama maji ndani ya beseni. Maua yalikutana kwenye mshono, ua kwa ua, jani kwa jani. Kola za wanaume zilisimama zenyewe. Refa, mzee mrefu aliyechezesha mpira ujana wake wote na ambaye bado alikuwa akionya watu kwa kidole, alijaribu shati lake akasema hajawahi kuvaa jezi kama ile, ila nyuma inampiga baridi.

La mwisho lilikuwa gauni lake mwenyewe. Na hapo ndipo Bi Pindo alipopigana vita ambayo hakuna aliyeiona. Alitaka kuushona upindo wake upande. Mkono ukakataa. Kila alipouelekeza kombo, ulirudi kwenye mstari kama punda anayejua kwao. Alishona kwa mkono, akafumua, akashona tena, akafumua. Mwishowe akapiga mstari wa chaki uliopinda, mteremko wa wazi kutoka goti la kulia hadi kifundo cha kushoto, na kuufuata kwa ufundi wake wote, kijino cha uzi kwa kijino. Alipomaliza alilifunika gauni kwa foronya. Hakutaka kulala likimtazama.

Siku ya familia wazee walipangwa sebuleni, viti vimeegemezwa ukutani. Amri ilikuwa mtu asisimame, kwa usalama. Mkunga alikuwa katika kiti cha magurudumu pembeni mwa Bi Pindo, uso wake wa kijivu, amepulizwa manukato mpaka anapiga chafya. Familia zikaingia, zikasifu. Wazee wamependeza. Nyumba inanukia. Picha zikapigwa.

Binti aliingia akiwa na futi yake ya kupimia shingoni, amesahau kuivua. Alimbusu mama, akachuchumaa mbele yake ili waonane vizuri, na macho yake yakashuka. Yakafika kwenye upindo. Yakakaa hapo.

"Mama," akasema polepole. "Gauni hili kashona nani?"

"Mimi."

Matroni, ambaye tayari alishavuta kiti, aliinama na kumwambia kwa upole kwamba ndiyo hali, macho yamekwenda, na akili nayo inafuata. Cherehani wamempa ajiliwaze tu. Bi Pindo aliona macho ya binti yake yakijaa. Kwa kitambo, kitambo kirefu kuliko vyote alivyopitia katika nyumba ile, alidhani amejishonea sanda. Mtoto alikuwa anaamini.

Bi Pindo aliuelekeza mkono wake kwenye goti la Mkunga, akaiweka nguo ya mwenzake sawa, kama afanyavyo fundi yeyote mwenye kiherehere.

Binti akafuata mkono. Akaona upindo wa Mkunga, umenyooka kama uzi wa timazi. Akatazama gauni la jirani wa Mkunga. Akainua macho hadi kola ya Refa. Machozi yakakauka kabla ya kuanguka.

"Na haya?"

"Yote mimi."

"Lako ulilishona la kwanza?"

"La mwisho."

Binti akaushika upindo ule mbovu na kuupindua. Hivyo ndivyo alivyolelewa: nguo huhukumiwa kwa ndani. Na ndani, vijino vya uzi vilipangana vidogo, sawasawa, kila kimoja ndugu wa mwenzake, vikishuka kombo kwa utulivu mkubwa juu ya masalio ya chaki. Kipofu hapindi hivyo. Aliyechanganyikiwa hapindi hivyo. Upotovu ule ulikuwa umepimwa.

Akabaki amechuchumaa, anamtazama mama yake, na mama anamtazama. Kisha akasimama, akaivua futi shingoni, na kusema lile neno alilolisikia tangu hajajua kuhesabu.

"Mama. Geuka."

Matroni aliinuka haraka. Wazee hawasimami, alisema, ni utaratibu.

"Nampima mama yangu gauni," alijibu binti, na kumpa mama mkono.

Bi Pindo alisimama. Nyonga ililia, akaiacha ilie. Akageuka taratibu, kidevu juu, kama walivyogeuka mbele yake mabibi harusi wa mji mzima, na akasimama akiutazama ukuta. Mgongo wake ulikuwa wazi, mifupa na kamba mbili. Sebule ikanyamaza kuanzia karibu naye kwenda mbali, mpaka mpiga picha naye akashusha kamera.

"Sasa mgeuze Mkunga," alisema, uso ukutani.

Matroni alikuwa ameshashika mpini wa kiti cha magurudumu, anakivuta kuelekea mlangoni. Refa akajinyanyua, urefu wake wote, akamwekea kidole mbele ya pua.

"Matroni, hiyo ni faulo. Toa mkono."

Akatoa. Labda kwa sababu ya kidole, labda kwa sababu ya macho ya watu. Binti akamkumbatia Mkunga mabegani na kumwinamisha mbele, taratibu, kama anavyoinamishwa mtoto. Kamba zikaachia. Kitambaa kilichosahauliwa kilikuwa kimegandamana na nyama, na harufu iliyotoka iliishinda ndimu, ikayashinda maua, ikawafikia waliokuwa mlangoni. Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Mkunga, kichwa kifuani kwa binti, akasema kwa sauti iliyosikika vizuri tu, "Haya, ndiyo hiyo picha. Pigeni."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Bi Pindo.

Ndipo neno likaanza kutembea. Kijana mmoja alilisema kwa baba yake, kwa kuomba radhi: baba, hebu geuka kidogo. Kisha mwingine kwa nyanya yake. Geuka, mama. Geuka, babu. Waliokuwa na nguvu walisimama wenyewe. Wasio nazo waliinamishwa na watoto wao. Migongo ikaonekana, mmoja baada ya mwingine, na alama zake: za mikanda ya vitanda, za vidole, za uchafu wa siku nyingi. Mwenye nyumba alikuwa anaeleza kitu kuhusu upungufu wa watumishi. Alikuwa anawaeleza watu waliompa mgongo.

Gari la wagonjwa lilimchukua Mkunga kabla maua hayajaondolewa mezani, na Bi Pindo akakataa kubaki nyuma. Familia zilikuwa bado koridoni, zikifungua milango ambayo hazikuwahi kufunguliwa, na wakaguzi walikuwa wameshapigiwa simu na watu wengi mno kiasi cha kushindwa kusingizia kwamba hawakusikia.

Hospitali, daktari alipotoka, aliwaambia kwamba kidonda ni kirefu lakini mfupa haujaguswa. Wangechelewa zaidi, hadithi ingekuwa nyingine. Atapona, ila itachukua muda, na atageuzwa kila baada ya saa mbili. Kutoka ndani sauti ya Mkunga ilikuwa inamwuliza muuguzi kama mama yake huyo muuguzi hakuzaliwa mikononi mwake yeye Mkunga.

Bi Pindo aliketi kwenye benchi la korido, koti la binti limemfunika mgongo. Watu walipita. Alijaribu kuficha miguu chini ya benchi, akashindwa.

"Sindano unayo?" aliuliza.

"Mama, pumzika. Tukifika nyumbani nimeshakuandalia chumba cha nyuma ya duka. Hakina ngazi."

"Chumba nimesikia. Nimeuliza sindano. Siwezi kupita barabarani na kitu hiki. Watu watadhani nimekufa."

Binti akacheka, akalia, akacheka tena. Sindano alikuwa nayo, imechomekwa kwenye ukosi kama kawaida ya ukoo wao. Akapiga magoti kwenye sakafu ya hospitali, akaufumua upindo ule, na kuushona upya, umenyooka, huku mama akitazama juu ya kichwa chake na kujifanya hatazami. Alipokata uzi kwa meno, Bi Pindo aliunyanyua upindo na kuupindua ndani. Aliukagua mwanzo hadi mwisho, polepole, kwa kidole gumba. Tangu binti aanze kushika sindano, hakuna kazi yake iliyowahi kutoka katika kidole kile bila kurudishwa.

"Unapita," alisema Bi Pindo, na kushika mkono wa binti yake apate kuinuka benchini.