Daktari wa Jumapili

Mama alikuwa fundi cherehani, na mimi, mwanawe wa pekee, nilikuwa mpiga domo wa kulipwa. Nilizunguka na begi hospitali hadi hospitali, nikiwashawishi madaktari wawaandikie wagonjwa vidonge vya kampuni yetu vya kutuliza wasiwasi. Kila Jumapili nilifanya mazoezi sebuleni. Mama alivaa miwani, akakunja uso, akawa daktari.

"Haya, bwana dawa, sema upesi. Wagonjwa wamejaa nje."

"Daktari, kidonge hiki hakina uraibu. Mgonjwa akitaka kuacha, anaacha."

"Mbona unaongea na meza? Mtu mwangalie machoni, mwanangu, ndipo atakuamini."

Nikajifunza kuangalia machoni. Kazi ikaninyookea.

Baba alipofariki, mama alikosa usingizi kabisa. Kisha ghafla akaanza kulala. Maboksi yangu ya sampuli yalikaa chini ya kitanda chake, na niliona yanapungua. Niliona, sijitetei. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa ameacha kulia, na kilio chake kilikuwa kimenichosha.

Baada ya miezi kadhaa, nguo zikaanza kurudishwa. Gauni moja lilikuwa na mkono mrefu na mwingine mfupi. Mama akawa ananiita nimtungie uzi kwenye sindano, yeye aliyekuwa akiutunga huku akinisimanga bila hata kutazama. Mteja mmoja alipomgombeza mbele yangu, nilipandwa na hasira. Asubuhi ile ile nilibeba maboksi yote nikayarudisha ofisini. Sikumuuliza daktari yeyote. Ya nini, na maneno nilikuwa nayo kichwani? Akitaka kuacha, anaacha.

Siku ya tatu alianguka kwenye cherehani, mwili mzima ukitetemeka, povu mdomoni.

Hospitali tulipokewa na daktari niliyemfahamu. Mwezi uliotangulia nilikaa ofisini kwake nikimnadia kidonge chetu, nikamwangalia machoni. Mama alipopata fahamu, daktari aliinama kitandani.

"Mama, ulikuwa unatumia dawa gani?"

Mama alimtajia jina la kidonge chetu, bila kukosea hata herufi. Kisha akamkazia macho.

"Hakina uraibu, daktari. Mgonjwa akitaka kuacha, anaacha."

Daktari aliweka kalamu chini, akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama akanitafuta kwa mkono wake.

"Nimesema vizuri, mwanangu?"