Picha Iliyoanzia Miguuni

Anakutazama mchana kutwa wala hapepesi, nani huyo? Picha. Ndivyo alivyoamini mshonaji mmoja, hadi asubuhi aliyopeleka diski kuukuu kwa fundi wa kompyuta aliyebandikwa jina la Vinukta.

Diski ile mjomba aliitoa kwenye sanduku la marehemu dada yake, mama wa mshonaji. Marehemu alifanya kazi kiwanda cha uchapaji, na siku moja wenzake wakaiingiza picha yake kwenye kompyuta kwa majaribio. Alifariki na miaka ishirini na miwili, mtoto bado ananyonya. Picha nyingine hakuna. Mshonaji, sasa arobaini kasoro mmoja, hakuwahi kuiona sura ya aliyemzaa.

"Faili la kizamani hili," fundi alisema. "Printa yangu hailijui. Nitalihamisha kwenye aina nyingine, kisha nyingine, mpaka tufike inayojulikana. Ni mkalimani kumtafsiria mkalimani mwenzake."

"Na wewe lugha ya kwanza unaijua?"

"Mpaka kikohozi chake, dada."

Picha ikafunguka. Mafaili ya aina ile huhesabu mistari kuanzia chini, basi mwanamke akatokea kichwa chini miguu juu, ameketi kitini, nyuma yake mlango. Mshonaji akafumba macho upesi.

"Simtazami mama yangu mara ya kwanza ananing'inia kama popo! Mgeuze kwanza."

"Haya, bibi harusi." Fundi akacheka, akamgeuza, akahifadhi kwa jina lilelile, juu ya faili la kwanza. Mazoea yana taabu. "Fumbua."

Mwanamke alikuwa amewapa mgongo.

"Fundi, umegeuza kupita kiasi."

Safari hii fundi hakucheka. "Alikuwa anatazama huku. Nimemwona, hata kidoti cha shavuni." Akajaribu kusoma diski upya; ikakwaruza, ikagoma.

Akahamisha kwenye aina ya pili. Mwanamke amesimama, mgongo uleule. Aina ya tatu: yuko mlangoni, mkono kwenye kitasa.

Malaika yakamsimama fundi. "Dada, tuishie hapa. Imebaki aina moja, ile ya printa. Akitoka, katoka."

"Amesusa," mshonaji akanong'ona. "Katoka kote huko kuja, mwanawe akamfumbia macho."

Tangu azaliwe hajawahi kumwita mtu neno lile. Shangazi aliyemlea alikuwa shangazi tu. Akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama. Ni mimi. Nisamehe, geuka." Kisha akasema, "Bonyeza, fundi."

Picha ikajichora mstari kwa mstari, kutoka chini. Vidole vya miguu, vimeelekea kwao. Upindo wa gauni. Mikono miwili, mitupu, imefunguka. Shingo. Hapo mashine ikasita, ikanguruma, ikaendelea: kidevu, mdomo, kidoti, macho.

Mshonaji hakufumba.

"Ulisema alifariki na miaka mingapi?" fundi akauliza.

"Ishirini na miwili."

Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa na mvi kipajini na makunyanzi kando ya macho, mtu wa miaka sitini hivi, akitabasamu kama aliyeshinda mlangoni akimngoja mtoto atoke shule.

"Chapisha," mshonaji akasema, machozi yakimtiririka. "Fanya haraka, fundi, kabla hajachoka kusimama."