Siku Niliyofika Bila Kusikika

Niseme mapema: mimi ni mtu wa mazuti, yaani dizeli. Nilijifunza kuendesha kwenye gari la mazuti, nikaoa nikiwa na gari la mazuti, na pikapu yangu, ambayo majirani zetu hapa Butembo wanaiita Mzee Kikohozi, ni ya mazuti hadi kwenye misumari. Hupeleka viazi na kabichi Beni, ikarudi na mchele na mafuta ya mawese. Haijawahi kunilaza njiani hata siku moja. Kwa hiyo mtu akiisema vibaya mbele yangu, damu inachemka.

Bahati mbaya waliokuwa wakiisema vibaya walikuwa watu wa nyumba yangu. Binti yangu Shekinah anasomea mazingira chuo kikuu, na kila asubuhi nikipasha injini moto alifunga madirisha kwa kishindo ili nisikie.

"Papa, ile moshi iko inaingia mu mapafu ya mama. Na inapanda juu, inaharibu mvua. Angalia batu ya Vuhovi: banapanda maharagi, mvua inakuja wakati yenye inapenda."

"Donc mutokari yangu moja njo inaharibu mvua yote ya Kivu?"

"Yako na ya wenzako, Papa."

Nikakanyaga mafuta tu, moshi ukajaa ua.

Mke wangu Kaswera hakuwa na ugomvi na mvua. Yeye ugomvi wake ulikuwa kifua. Jiko letu lina ukuta wa mbao, na pikapu hulala ubavuni mwake. Asubuhi alikohoa hadi akashika mlango. Makaa alikuwa amekwisha kuyaacha, anapikia umeme tangu nyaya zilipofika mtaani kwetu, kwa hiyo ukabaki moshi mmoja tu wa kulaumiwa, na wenyewe ulikuwa wangu.

Kisha Mzee Kikohozi akaanza kunywa oili kama mlevi, na fundi akanishauri nisitupe tena fedha zangu shimoni. Ikabidi kuchagua gari jingine. Mimi nilitaka mazuti, bila shaka. Shekinah alitaka la umeme. La esansi, yaani petroli, lilikufa mezani siku ileile, maana esansi ikiadimika hapa kwetu lazima uweke madumu ya akiba ndani ya nyumba. Kaswera alisikia neno madumu akaweka kijiko chini.

"Essence chini ya kitanda yangu? Utalala nayo weye mwenyewe."

Mambo ya esansi yakaishia hapo.

Ndipo akatokea Phinées, shemasi wa kanisa letu na muuza magari. Alikuwa ameingiza kutoka Uganda gari dogo la mizigo la umeme, na hakuna mtu aliyetaka kuwa wa kwanza kulinunua.

"Chukua, Papa Shekinah," aliniambia. "Fanya nayo safari moja ya Beni. Ukirudi utaniambia."

"Na ikinikatalia mu njia?"

"Utasukuma."

Kabla ya kusimulia safari yenyewe, lazima niseme jambo moja juu ya Kaswera. Barabara ya Beni kila mtu anaijua. Kuna majuma inapitika kama sebule, na kuna majuma watu wanaganda kwenye redio kusikiliza nani hakufika, maana waasi huvizia humo. Wake za madereva wenzangu hupiga simu, hulia, hufunga na kusali. Wangu, miaka yote, nikirudi namkuta jikoni amenipa mgongo, chakula kinatoa mvuke, na neno lake la kwanza ni kuuliza mchele uko wapi. Nilijiambia nimeoa jiwe. Iliniuma, kusema kweli, na sikuwahi kumwambia.

Basi nikaondoka alfajiri na gari la Phinées. Mkono wangu ulitafuta gia njia nzima, usizipate. Kijijini Maboya watoto walinipungia nikiwa nimekwisha kupita, maana hawakunisikia nikija. Kwenye mteremko wa Kabasha betri ilianza kujijaza yenyewe, na mimi nikajikuta naimba wimbo wa kanisani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yangu kwenye barabara ile, na ni sauti mbaya sana. Nilifurahi. Nikakasirika kwamba nimefurahi.

Beni niliuza viazi vyote, nikaenda Bungulu kwa dada yangu Hadassa kuchaji gari. Mchana umeme ukakatika. Mtandao wa simu nao ukaondoka. Hadassa alinilisha wali mara mbili huku naitazama taa ya ukutani kama mtu anayemngoja daktari. Umeme ulirudi nikiwa nimekwisha kukata tamaa, nikangoja betri ishibe kidogo, nikaondoka. Nilipanda Kabasha jicho moja barabarani na jingine kwenye alama ya betri. Niliingia Butembo jua likizama.

Mlango wa ua ulikuwa wazi. Nikaingia taratibu, gari bila sauti, nikazima taa. Hakuna aliyetoka. Shekinah alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikapita nyuma, nikafika mlango wa jikoni, nikasimama.

Kaswera alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo, ameelekea upande wa barabara. Amevaa koti na viatu vya kanisani, mkoba mapajani. Jiko limezimwa, maharage yamepoa sufuriani. Alikuwa ameinamisha kichwa kusikiliza, midomo inacheza bila sauti. Uso ule sikuwahi kuuona. Nilikuwa naishi na mwanamke miaka yote na uso wake huo sikuujua.

"Mama Shekinah."

Akapiga ukelele, akasimama, akanipiga na mkoba. Akanipiga mara ya pili. Kisha akanishika shati kwa mikono miwili akalia.

"Umepita wapi? Niko nasikiliza tangu mangaribi hayajafika! Kila safari nasikiaka ile pikapu yako kule chini ku daraja, inapanda. Nikisha kuisikia, njo napasha chakula moto, nanawa sura. Leo hapana kitu. Nilisahau kama ile ya Phinées haina makelele. Nikasema basi, bamemumaliza."

"Na hii viatu?"

"Njo ya kukutafuta. Ku hopitali, ao kwenye bangeniambia niende."

"Umeivala leo sababu nilichelewa?"

"Navalaka kila safari, Papa Shekinah."

Nikakaa chini, sakafuni. Miaka yote hiyo pikapu ilikuwa inamtangulizia habari, naye alikuwa na muda kutoka darajani hadi mlangoni wa kuvua viatu, kunawa machozi na kunigeuzia mgongo. Na mimi nilikuwa nimemnunia kwa huo mgongo. Niliona aibu, na papo hapo nilikuwa na furaha ya kijinga, mtu mzima ninayecheka peke yangu kwenye sakafu ya jiko.

"Basi," nikasema, "kesho namurudishia Phinées mutokari yake. Nanunua ingine ya mazout, ya makelele kabisa. Utanisikia tangu Maboya."

Nilidhani nimempa zawadi. Akafuta pua, akanitazama vile anavyomtazama mtu aliyeingia ndani na matope.

"Na kifua yangu?"

"Mais utanisikia."

"Éphraïm," akasema. Jina langu hulitaja mara chache sana. "Miye sitaki kusikia mutokari, hapana. Nataka mutu."

Akaketi, akaanza kuvua viatu mbele yangu, bila kujificha. Hakuniambia niache Beni. Hajawahi kuniambia, na jioni ile pia hakuniambia. Lakini Beni ni biashara yangu yote: wateja, mahali pangu pa kuegesha sokoni, jina langu. Kaswera akawasha jiko, akapasha maharage, akamimina unga, akasonga ugali kwa hasira, nami nikawa nawaza gari lile dogo linaweza nini.

Linaweza Vuhovi, hilo nilijua. Mboga za Vuhovi zinaingia sokoni Butembo kila siku, safari ni fupi, na jua halijafika utosini dereva yuko nyumbani kwake, gari linachaji uani bila kumkohoza mtu. Faida ni ndogo kuliko ya Beni. Nilimwambia yote hayo, na nikamwambia kwamba ni hilo la umeme ninalolichukua, na Beni nawaachia wengine.

Akapakua ugali na maharage, akaketi karibu nami palepale sakafuni, bega lake kwenye bega langu.

"Utanichoka," nikasema. "Bwana wa kushinda mu nyumba kila mangaribi, anakuuliza chumvi iko wapi."

"Nitakuchoka kabisa," akasema, akanisogezea sahani. "Acha nikuchoke."