Pini ya Kituo cha Tisa

Alikuwa amepata arobaini na tisa, na alama ya kufaulu ni hamsini. Mwanafunzi wa uuguzi aliyesimama mlangoni kwa mwalimu wa anatomia alikwisha kurudia mara moja mtihani huo wa kutaja sehemu za mwili zilizochomwa pini, kituo baada ya kituo. Hakuna kurudia tena. Ni kufunga virago. Wenzake, aliowazidi miaka kumi, walimwita Mama Mkwe.

"Shikamoo, mwalimu. Kituo cha tisa, pini ilikuwa kwenye neva."

"Marahaba. Niliichoma mwenyewe kwenye ateri."

"Ilikuwa kwenye neva. Nyeupe, ina nyuzinyuzi, upande wa kidole kidogo. Ateri ilikuwa pembeni, haina pini. Niliitazama dakika nzima, mpaka kengele."

Kila mwaka hutokea mtu wa kuapa kuhusu pini. Mwalimu hakuamini viapo. Lakini huyu hakuapa, alieleza alichokiona. Akachukua funguo na bunda la karatasi za majibu, wakaongozana.

Maabarani, mtunza maabara alikuwa akisuuza sinia. Mkono wa maiti wa kituo cha tisa ulikuwa bado chini ya kitambaa chenye maji. Mwalimu akakifunua, akainama. Pini ilisimama kwenye neva. Kwenye ateri, umbali wa unene wa kijiti cha kiberiti, palikuwa na tundu tupu.

"Kuna aliyeichomoa akairudisha," alisema mtunza maabara. "Nawaambia tazameni kwa macho. Hawa macho yao yako vidoleni."

Mwalimu alizipanga karatasi kwa zamu waliyopita kituoni. Kumi na moja za mwanzo: ateri. Kuanzia ya kumi na mbili: neva, neva, neva, na kila moja ina mkasi mwekundu wa kosa, wa kalamu yake. Kumi na sita.

"Watu kumi na sita wanakosea kwa jibu lile lile, mfululizo," alisema, "na mimi nikaona hamsomi."

"Ulituita magogo, mwalimu."

"Nilisema hivyo?"

"Mara mbili," alisema mtunza maabara.

Mwalimu alifuta mkasi kwenye karatasi ya Mama Mkwe, akaweka tiki, akaandika hamsini, akatia saini. Mama Mkwe alishika ukingo wa sinki.

"Kaa," mwalimu alimsogezea kigoda. "Nilikosea mimi. Zimebaki kumi na tano."

"Nikusomee namba za wenzangu?"

"Soma."

Alisoma. Sauti ilimtetemeka mpaka karatasi ya tatu, kisha ikatulia.