Taa ya Tatu

Mnunuzi wa shamba langu la kahawa alikuwa anasubiri jibu kijijini Ruanda, lilipo shamba lenyewe. Mimi nilikuwa sebuleni kwangu Tunduma, nimepiga magoti mbele ya kiboksi cheusi chenye taa nne.

Kiboksi hicho kinaitwa modemu. Alikileta Mwalimu Venance, aliyenifundisha kompyuta darasa la jioni. Yeye alikuwa na waya za televisheni za kebo katika mitaa mingi ya mji. Alitaka niuze shamba aliloniachia marehemu mume wangu, tununue mitambo ya kupitisha intaneti kwenye waya zilezile. Nikamwambia kwanza nione kwa macho yangu.

"Shemeji, kahawa unaishika mkononi," alisema Eliudi, mdogo wa marehemu, aliyekuja kushuhudia. "Hapa utavuna nini? Taa?"

Venance akacheka. "Mama Angel, miaka yote waya huu unakuletea picha tu, hujawahi kuujibu. Modemu inajibu. Picha zina mawimbi yake, maneno yanayokuja kwako yana yake, yanayotoka yana yake. Na mtambo wa ofisini kwangu unaipa kila nyumba, hata zikiwa mia mbili, zamu ya kusema, fupi kuliko kufumba jicho."

Mwili ulinisisimka. Nyumba mia mbili zinasema ndani ya waya mmoja, na hakuna anayemkanyaga mwenzake! Nilimshukuru Mungu aliyeficha mambo hayo ndani ya shaba tangu alipoiumba.

Taa ya kwanza, ya umeme, ikatulia. Ya pili, ya kupokea, ikatulia. Ya tatu, ya kutuma, ikapepesa bila kukoma.

"Inaita, mtambo hausikii," Venance akasema. Akaweka modemu nyingine. Vilevile. "Mama, waya huu umeguswa popote?"

"Hapana."

Nikafumba macho niombe. Nikakumbuka kisu. Miezi miwili nyuma, jirani yangu Ikupa alitamani kuona kwaya kwenye televisheni. Nilimenya waya nyuma ya nyumba kwa kisu cha jikoni, nikausokota na wake, nikafunga kwa mfuko wa sukari. Mtaani kwetu tunapeana kebo kama tunavyopeana kaa la moto, na sikuwahi kuona kuwa ni wizi. Sasa namwomba Mungu apitishe sauti mahali nilipoukata waya mwenyewe kwa kisu!

"Mwalimu," nikasema, "nimekudanganya. Nilimuungia Ikupa waya kwa kisu cha jikoni."

Eliudi alicheka mpaka akashika ukuta. Venance hakunigombeza. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, akakata kile kifundo, akafunga kigawanya waya cha chuma, njia moja kwangu, nyingine kwa Ikupa. "Picha zinashuka na nguvu, zinapita hata hapa," alisema. "Sauti yako ya kurudi ndiyo ilimezwa na kelele zilizoingia pale kwenye kifundo."

Tuliporudi sebuleni, taa ya tatu ikatulia. Ya nne, ya intaneti, ikafuata.

"Mama Angel!" Ikupa akaita ng'ambo ya ukuta. "Leo wanakwaya nawaona mpaka meno!"

Nikamgeukia Venance. "Vifundo kama changu viko vingapi mjini?"

Akajikuna shingo. "Karibu nusu ya nyumba."

"Basi tukinunua modemu leo, zote zitapepesa. Shemeji, mwambie mnunuzi achukue nusu ya shamba. Fedha hiyo inunue waya na vigawanya kwanza."

"Na nusu nyingine?"

"Hiyo nitaivuna," nikasema, nikarudi kupiga magoti, safari hii kushukuru.